Maktaba Tembezi ya Jinja: Picha Imekamilika, Katalogi Bado

Mjini Jinja, Uganda, kuna kitu ambacho baadhi ya watu hukiita maktaba na wengine hukiita sanamu, na pande zote mbili zina haki. Ni kabati kubwa la plaiwudi na chuma lililojengwa juu ya pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. Hufunguliwa kando ya barabara, likaazimisha vitabu bila malipo kwa saa chache, kisha likafungwa na kuondoka. Katikati ya wiki huegeshwa karibu na soko kuu, na Jumamosi hupelekwa katika mtaa wa Walukuba. Vijana waliolibuni, wengi wao wakiwa wamesomea sanaa, wanasema wazi kwamba ni kazi ya sanaa ya umma na pia ni maktaba. Kwa kuwa wao wenyewe wameahidi vyote viwili, ni haki kuwapima kwa mizani yote miwili. Kwa upande wa sanaa wamefaulu kuliko nilivyotarajia. Kwa upande wa maktaba kuna kasoro moja kubwa, na kasoro hiyo imezaliwa na wazo lile lile lililoifanya sanaa yao ifaulu.

Likiwa limefungwa, kabati halina la kumsimamisha mpita njia. Limepakwa rangi ya mafuta ya kijivu, na mtu angeweza kudhani limebeba soda au vipuri. Ubao wa kila upande umeungwa kwa bawaba chini, ukishushwa unakuwa benchi. Paa hunyanyuliwa juu ya nguzo mbili na kutoa kivuli cha kuwatosha watu kama kumi waliobanana. Dereva na mhudumu humaliza kazi hiyo kabla muuza rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, aliye jirani hajavunja mayai ya mteja wake. Uundaji huu ni wa fundi anayejua barabara zetu: komeo ni za kawaida, zinazopatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi, na sehemu zilizounganishwa zimechomelewa kwa namna ambayo fundi yeyote wa mtaani anaweza kuzirekebisha bila kusubiri kipuri kutoka ng'ambo.

Kilichonivutia zaidi kimo kwenye rafu. Kila kitabu kimebandikwa kipande cha kitenge mgongoni, na vitabu vyote vikisimamishwa kwa mpangilio wake, vipande hivyo huunda picha moja ya daraja la reli la Jinja, lile lililovushwa juu ya Nile na kuifikisha reli Kampala mwaka 1931. Mtu aliye ng'ambo ya barabara huona vyuma vya daraja, maji na anga. Akikaribia, daraja hupotea, akabaki na maua, ndege na mistari ya vitenge vya kila namna, vingine vimefifia kwa kufuliwa hadi rangi yake imekaribia ya kutu, na hivyo ndivyo vilivyochaguliwa kuwa chuma. Ukuta wa nyuma wa rafu umepakwa njano kali. Kitabu kikiazimwa, pengo lake huonekana kama dirisha lililowashwa taa. Vikiazimwa vingi, daraja hukatika, na mnamo alasiri ya siku yenye wasomaji wengi picha nzima huwa imegeuka kitu kingine ambacho hakuna msanii aliyekichora.

Sioni haya kusema kwamba hili ni wazo zuri sana. Sanaa ya umma katika miji yetu imekuwa hasa ya minara na sanamu zilizozungushiwa uzio, na ambazo raia anaruhusiwa kuzitazama tu, pengine na kupigia picha za harusi. Hapa raia ndiye anayeibadili kazi, na anaibadili kwa kufanya jambo la kawaida kabisa, yaani kuchukua kitabu akaenda kusoma. Mapengo hayo pia ni aina ya taarifa, kwa kuwa yeyote anayepita hujua bila kuuliza kama leo mtaa umesoma au haukusoma. Nimeona akina mama wenye mabeseni ya nyanya wakisimama kulinganisha daraja la siku hiyo na la wiki iliyotangulia, na mmoja akimwambia mwenzake kwamba upande wa maji umeliwa na watoto wake.

Sasa nije kwenye kasoro. Kitenge kilichobandikwa mgongoni kimefunika jina la kitabu na la mwandishi. Vitabu vimepangwa kwa rangi, kwa hiyo kitabu cha ufugaji wa kuku kimekaa katika nguzo ya tatu ya daraja kwa sababu tu kitenge chake ni cha rangi ya kutu, kushoto kwake pakiwa na hadithi za watoto na kulia pakiwa na fizikia ya kidato cha pili. Kwa mtoto anayechagua kwa bahati hilo si tatizo, bali ni sehemu ya mchezo: anavuta, anatazama, anarudisha, anavuta kingine. Kwa mwanafunzi aliyetoka mbali akitafuta kitabu cha historia, au kwa fundi anayetaka kusoma kuhusu umeme wa jua, ni usumbufu mtupu. Hawezi kutafuta kwa macho, na hakuna orodha ya kuangalia. Lazima amuulize mhudumu, naye hutegemea kumbukumbu yake. Kumbukumbu ya dada huyo ni ya ajabu, lakini siku ambayo hayupo mwenzake hubaki akivuta kitabu baada ya kitabu huku foleni ikirefuka.

Kuna jambo dogo ambalo limenikera zaidi ya hilo. Wakija wageni wenye kamera, watoto huambiwa wasubiri kwanza, picha ipigwe daraja likiwa zima. Nilimsikia msichana mmoja akisema, "Dada, mimi nataka kile cha kwenye reli," akajibiwa, "Subiri kidogo, mtoto wangu, wageni wamalize." Jibu lilikuwa la upole na kungoja kwenyewe hakukuwa kwa muda mrefu. Hata hivyo, kazi iliyobuniwa ili ibadilishwe na wasomaji haiwezi kuwaweka wasomaji pembeni ili ionekane haijabadilishwa. Waandalizi wanapaswa kuamua picha ipi ndiyo kazi yao, ile nzima ya asubuhi au ile yenye mapengo ya alasiri. Mimi nimeshaamua, na kama ningekuwa mpiga picha ningekuja saa kumi jioni.

Tatizo la kutafuta kitabu lina dawa, na dawa hiyo ni ya zamani. Kabla ya Melvil Dewey, mkutubi wa Marekani, kuchapisha mfumo wake wa kupanga vitabu mwaka 1876, maktaba nyingi zilikipa kila kitabu mahali pake pa kudumu: kabati hili, rafu hii, nafasi hii. Kitabu kipya cha kilimo hakikuwekwa karibu na vitabu vingine vya kilimo, bali kiliwekwa palipokuwa na nafasi, kikabaki hapo. Dewey alileta namba zinazofuata mada, ili vitabu vya mada moja vikae pamoja na viweze kusogezwa bila kupoteza mpangilio wake. Utaratibu wa kale, hata hivyo, haukuwa wa kijinga. Ulifanya kazi kwa sababu ya katalogi, ambayo ilimweleza msomaji kwamba vitabu vya mada fulani viko katika nafasi hizi na hizi. Maktaba ya Jinja, pengine bila kukusudia, imeurudia utaratibu huo, ila imeiacha katalogi nyuma. Nusu ya kazi tayari imefanyika, kwa kuwa chini ya kila kitenge pameandikwa namba ndogo inayomwonyesha mhudumu mahali pa kukirudisha kitabu katika picha. Kinachokosekana ni daftari lililopangwa kwa mada, likitaja jina, mwandishi na namba hiyo. Daftari la kawaida la duka linatosha, likining'inizwa kwa kamba kwenye kila benchi.

Wazo la kuipeleka sanaa mahali ambapo watu wapo si geni Uganda. Tamasha la KLA ART mjini Kampala liliweka kazi za wasanii ndani ya makontena 12 ya mizigo katika sehemu mbalimbali za jiji mwaka 2012, na mwaka 2014 wasanii wakageuza pikipiki za boda boda kuwa kazi za sanaa zinazotembea. Maktaba inayotembea nayo si ngeni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Maktaba ya Taifa ilishiriki katika mradi wa gari lililobeba kompyuta, printa na vifaa vya kujalidi, ambalo lilichapa vitabu visivyo na hakimiliki na kumkabidhi msomaji kitabu papo hapo. Kwa majirani zetu wa Kenya, ngamia wamekuwa wakibeba maktaba kwenda kwa jamii za wafugaji wa Garissa tangu mwaka 1996. Mbali zaidi, Raúl Lemesoff wa Argentina aligeuza gari la Ford Falcon la mwaka 1979 kuwa umbo la kifaru cha vita lililojaa vitabu, akalizungusha mitaani akigawa. Ukiilinganisha ya Jinja na hizo, utaona ina kitu ambacho kifaru cha Lemesoff hakina: Lemesoff anatoa, hahitaji kurudishiwa, wakati daraja la Jinja haliwezi kuungana tena mpaka vitabu virudi. Na ina upungufu ambao ngamia wa Garissa hawana, kwa maana wale hawabebi picha, wanabeba vitabu tu, na hakuna anayechagua kitabu kwa rangi ya mgongo wake.

Kuhusu vifaa, nitasema kwa ufupi pale palipo pazuri. Rangi ya mafuta imestahimili jua na magurudumu hayalalamiki, ingawa mita moja ya rafu iliyojaa vitabu inaweza kufikia uzito wa kilo 30 au zaidi, na kabati hili lina mita kadhaa. Wasiwasi wangu ni plaiwudi. Mvua za masika na za vuli katika kingo hizi za Ziwa Victoria hazimpigii mtu hodi, na kingo za chini za milango ya upande wa kulia tayari zimeanza kufura. Kuzipaka vanishi kungegharimu kidogo kuliko kubadilisha ubao mzima. Turubai lipo, limekunjwa juu ya paa, lakini kulifungua kunahitaji watu wawili warefu, na dereva si mrefu.

Pazia la nyuma linahitaji aya yake. Limetengenezwa kwa olubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambacho utengenezaji wake UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu usioshikika. Ni kitambaa kizuri mno, cha rangi ya udongo uliookwa, na wabunifu waliona kingeipa kazi yao mizizi ya hapa nyumbani. Lakini kwa watu wa kabila la Baganda na kwa majirani zao wengi, gome hilo ndilo linalomsitiri marehemu. Mzee mmoja alisimama mbele ya pazia, akavua kofia, akauliza kwa sauti ya chini, "Wanangu, mmefiwa na nani?" Vijana walicheka kwanza, kisha wakaacha kucheka, wakamkaribisha kwenye benchi na kumweleza. Mzee alikubali maelezo yao ila hakurudisha kofia kichwani mpaka alipoondoka. Sisemi kwamba olubugo lisitumike. Wasanii wa Uganda wamelitumia kwa miaka mingi katika uchoraji, ushonaji na mapambo, na wafalme walilivaa. Nasema tu kwamba anayeweka kazi yake barabarani hachagui mtazamaji wake kama anayeiweka katika ukumbi wa maonyesho, na mazungumzo na wazee wa mtaa kabla ya kushona pazia yangekuwa sehemu halali ya kazi yenyewe. Isitoshe, gome likilowa hudhoofika, na pazia liko upande ambao upepo wa ziwa huleta mvua.

Sasa vitabu vyenyewe. Hapa ndipo ninapokuwa mgumu, kwa sababu Walukuba si mahali popote tu. Ni mtaa wa nyumba za wafanyakazi uliojengwa enzi za ukoloni, wakati ambapo viwanda na bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, vilivuta vibarua kutoka pembe nyingi za Afrika Mashariki, na Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana kazini na uani. Mpaka leo ni rahisi kuwasikia watoto wa pale wakigombana kwa Kiswahili. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kitumike hivyo na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Mtu angetegemea basi kwamba maktaba inayofika Walukuba kila Jumamosi ingekuwa na Kiswahili cha kutosha. Haina. Nilivyovuta vitabu vyote vya upande wa anga, nilipata kamusi moja iliyochakaa, vitabu viwili vya sarufi na riwaya chache; vilivyosalia vilikuwa vya Kiingereza, na vingi vyao ni vya misaada kutoka nje. Kimojawapo ni mwongozo wa kuendesha gari kwenye theluji. Kiko katika hali nzuri kabisa, jambo linaloeleweka.

Sababu ya hali hii si uzembe peke yake, na hapa tunarudi kwenye ile picha. Picha inahitaji migongo. Kitabu kinene chenye jalada gumu kina mgongo mpana wa kubandika kitenge, na vitabu vya namna hiyo ndivyo vinavyojaa katika maboksi ya misaada. Vitabu vyembamba vya watoto, vile vyenye kurasa kumi na sita vilivyobanwa kwa pini katikati, havina mgongo wowote, na hivyo havina nafasi katika daraja. Kwa bahati mbaya, vitabu vinavyofaa zaidi kwa watoto wa Walukuba ni hivyo hivyo vyembamba. Mradi wa African Storybook, kwa mfano, una hadithi nyingi zenye picha katika Kiswahili, Luganda na lugha nyingine za Afrika, zikiwa na leseni huria inayomruhusu mtu yeyote kuzichapa, kuzitafsiri na kuzibadilisha bila kulipa. Kazi ya kuzichapa inaweza kufanywa Kampala, katika Barabara ya Nasser, ambako wachapaji wamepangana mlango kwa mlango. Nilimuuliza mhudumu kwa nini hawana hadithi hizo, akafungua sanduku chini ya kiti cha dereva na kunionyesha chungu nzima. Zilikuwepo. Zimewekwa sandukuni kwa sababu zinaharibu picha.

Hili nalo linatibika bila kuiua sanaa. Hadithi kumi nyembamba zinaweza kutiwa katika kijaluba cha kadibodi chenye mgongo mpana uliobandikwa kitenge, kikasimama katika daraja sawa na kitabu kingine chochote, na mtoto akaazima kijaluba kizima au hadithi moja. Au zijalidiwe pamoja hapo hapo Nasser. Vyovyote itakavyokuwa, picha ndiyo inayopaswa kuvitafutia vitabu nafasi, kwa maana haikupewa kibali cha kuegesha mahali pa umma ili ivichague vinavyoipendeza.

Huduma yenyewe ni ya kiungwana. Mtoto huandikwa jina, shule na jina la mzazi au mlezi. Mtu mzima huacha namba ya simu. Hakuna faini ya kuchelewa, na kitabu kikiraruka mhudumu hukishona akiwa amekaa na mwenyewe, akimfundisha namna ya kushona. Anayetaka huduma za kudumu zaidi anaweza kutazama mfano wa maktaba ya kijiji cha Kitengesa karibu na Masaka, iliyoanzishwa mwaka 1999 na ambayo imeendelea kuwahudumia wanakijiji na wanafunzi kwa mkusanyiko uliochaguliwa kwa ajili yao. Maktaba ya magurudumu haiwezi kushindana nayo kwa kina, wala haihitaji. Inachoweza ni kumfikia yule ambaye hajawahi kuingia katika jengo la maktaba kwa kudhani kwamba mlangoni ataulizwa kitambulisho, na kwa hilo nimeiona ikifanikiwa. Kijana mmoja wa kuosha pikipiki, mikono ikiwa bado na povu, aliomba ashikiwe kitabu wazi ili asome ukurasa bila kuulowesha. Mhudumu alikishika, na akamfunulia ukurasa uliofuata alipoomba.

Kwa hiyo naipendekeza, pamoja na malalamiko yote hayo. Anayefuata sanaa aende karibu na soko jioni, mapengo yakiwa mengi. Anayetafuta kitabu maalumu afike mapema kabla foleni haijaanza, ataje mada kwa mhudumu mwenyewe, na asipoteze muda kusoma migongo. Wazazi wa Walukuba wapeleke watoto Jumamosi alasiri na waulize kwa jina lake lile sanduku lililo chini ya kiti cha dereva, kwa sababu likiulizwa na watu wengi halitabaki chini ya kiti. Wakae benchi la kushoto. Bawaba moja ya benchi la kulia imelegea na bado haijatengenezwa.